Ifungueni Kamba

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba tukiwa dhaifu na akaujaalia usingizi uwe rehema kwetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kisa kifupi ambacho ningependa tukitafakari pamoja. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza kamba hiyo ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a.): anaposwali usiku akazidiwa na uchovu, huishika ili aendelee kusimama. Mtume (s.a.w.) aliagiza kamba ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka, akae.

Angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, kamba ile haikuwa ya upuuzi. Ilikuwa ya kisimamo cha usiku, ibada ambayo sote tunaitamani na wachache tunaiweza. La pili, Mtume (s.a.w.) hakumtuma mtu akamkaripie Zaynab wala hakuutilia shaka ukweli wa imani yake. Aliishughulikia kamba. Mwanadamu akaachiwa heshima yake, na kile kilichokuwa kikimbebesha mwili wake zaidi ya uwezo kikaondolewa.

Sasa nauliza: ikiwa kamba iliyofungwa kwa ajili ya swala iliamriwa ifunguliwe, tuseme nini kuhusu kamba tunazowafungia wadogo zetu wa sekondari kwa ajili ya alama za mtihani?

Beseni chini ya dawati

Muhula wa tatu umeingia. Kama ilivyo desturi ya jumuiya zetu hapa Uganda, misafara ya wanachuo itaanza kutoka kila Jumamosi kwenda shule za bweni, kuwanasihi watahiniwa wa kidato cha nne wanaojiandaa na UCE na wa kidato cha sita wanaojiandaa na UACE. Nimekwenda na misafara hiyo mara tatu. Ni kazi njema, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri walioianzisha. Lakini tunapofika huko, tunaona nini na tunasema nini?

Tunaona watoto wa miaka 16 na 17 walioamshwa na kengele saa kumi na nusu za usiku kwenda prepu ya alfajiri, baada ya prepu ya jioni iliyowaachia saa nne na nusu. Hesabu mwenyewe: hata kama angelala palepale kengele ilipogongwa, amepata saa 6. Na halali palepale. Bado kuna foleni ya bafu na kufua soksi. Wapo wanaoweka beseni la maji baridi chini ya dawati na kutumbukiza miguu ili wasisinzie. Wapo wanaotembea na kahawa ya unga mfukoni, wakiilamba kavu. Anayelala mezani anachekwa. Anayekesha anaitwa shujaa.

Beseni lile ni kamba ya Zaynab. Tofauti ni kwamba Zaynab aliifunga mwenyewe, na hawa wanafungiwa na sisi. Nimemsikia msemaji wa msafara akipigiwa takbira na ukumbi mzima kwa kusimulia kwamba alipokuwa kidato cha sita alikuwa akilala saa 3 tu. Watoto waliokuwa mbele yake walikuwa na macho mekundu tayari. Waliondoka wakiamini kwamba dini imewaambia wapunguze tena.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 mpaka 10 kwa siku. Na usingizi si muda uliopotea kwa msomaji. Akili huendelea kuyapanga na kuyahifadhi yale aliyojifunza mchana wakati mwili umelala. Anayekesha ili ajaze kichwa ni kama anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka: anachota kwa bidii kweli, lakini angalieni anachofika nacho nyumbani.

Sunna ilitutangulia katika hili. Amepokea Abu Barza (r.a.), naye Bukhari akalinukuu, kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya swala ya Isha na kuzungumza baada yake. Nao masahaba walijua kupumzika mchana, Sahl bin Sa'd (r.a.) anasimulia kwamba siku ya Ijumaa hawakuwa wakilala qailula wala kula chakula cha mchana mpaka baada ya swala. Maana yake, siku nyingine kupumzika mchana kulikuwa na wakati wake unaojulikana. Watu wale wale waliokuwa wakiamka usiku kumwabudu Mola wao walijua pia kulaza ubavu.

Walikuwa wa umri huo huo

Huenda mtu akasema kwamba hadithi hizi ni za watu wazima, na kijana hana budi kubanwa. Basi tuwatazame vijana wenyewe waliokuwa karibu na Mtume (s.a.w.).

Anas bin Malik, aliyetusimulia kisa cha kamba, alianza kumtumikia Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka kama 10, akamtumikia miaka 10. Yaani umri wote ambao sisi tuliutumia sekondari, yeye aliutumia katika nyumba ya Mtume. Na ushahidi wake ni kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuguniwa, wala kuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Kutokana na malezi hayo akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Upole haukumharibu.

Mtazameni pia Abdullah bin Umar (r.a.). Siku ya Uhud alijitokeza akiwa na miaka 14, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu kupigana. Siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Kijana alikuwa na hamu, na sababu ilikuwa tukufu, lakini Mtume aliupima umri wake kabla ya kumpa mzigo. Hamu ya kijana haikuwa hoja ya kutosha.

Na huyo huyo Ibn Umar ndiye anayetusimulia mashindano ya farasi ya Madina. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi walioandaliwa kwa mazoezi kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, umbali ambao Sufyan katika mapokezi ya Bukhari anaukadiria kuwa maili 5 au 6. Farasi ambao hawakuandaliwa aliwashindanisha kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, umbali wa maili 1. Na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tuzingatie, ndugu zangu. Mwanachuoni ambaye leo tunayasoma mapokezi yake katika vitabu vya hadithi na fiqhi kwa unyenyekevu alikuwa kijana anayepanda farasi na kushindana. Wala elimu haikumkimbia kwa sababu hiyo. Tena Mtume (s.a.w.) hakuweka umbali mmoja kwa farasi wote. Kila mmoja alipewa njia kulingana na maandalizi yake. Shule inayompa kila mtoto ratiba moja, mzigo mmoja na fimbo moja, haijajifunza hata kwenye mashindano ya farasi.

Uwanja si adui wa daftari

Katika shule nyingi, mtoto akifika darasa la mtihani, kitu cha kwanza kunyang'anywa ni uwanja. Saa kumi jioni, wenzake wanapokwenda kucheza, yeye anarudishwa darasani. Mwalimu anadhani amemwongezea saa mbili za kusoma. Ukweli ni kwamba amempunguzia uwezo wa kuzitumia saa nyingine zote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Halikuandika kwamba watahiniwa wamesamehewa.

Sisi Waislamu tunayo hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa kheri imo kwa wote wawili. Wanavyuoni wameieleza nguvu hiyo kwanza kuwa ya imani na azma. Lakini nani asiyejua kwamba mwili uliodhoofu huivuta azma chini pamoja nao?

Dada zetu ndio wanaodhulumiwa zaidi katika jambo hili. Msichana wa Kiislamu katika shule nyingi huhesabiwa tangu mwanzo kuwa mtazamaji. Mwalimu wa michezo anasema hijabu yake haikubaliki uwanjani. Na baadhi yetu, kwa kutojua au kwa uzito wa mila, tunamuunga mkono. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda; baadaye, alipoongezeka mwili, walishindana tena naye Mtume akamshinda, akamwambia kwa utani kwamba hiyo ni badala ya ile. Na kuhusu kanuni za michezo, mlango ulikwisha kufunguliwa: sheria za soka ziliruhusu kilemba na hijabu mwaka 2014, na FIBA ikafanya hivyo kwa mpira wa kikapu mwaka 2017. Kilichobaki ni sisi kumwomba mwalimu mkuu, kwa adabu, wasichana waruhusiwe kuvaa suruali ndefu, mikono mirefu na hijabu iliyobana vizuri wanapocheza netiboli, na watengewe muda na uwanja wa stara.

Upande wa pili wa mizani

Lakini mizani ina pande mbili, na sitakuwa mwadilifu nikinyamazia upande wa pili. Uwanja nao hufunga kamba.

Katika shule niliyosoma alikuwapo mwenzetu aliyeletwa kwa ufadhili wa mpira kutoka West Nile. Alikuwa mshambuliaji hodari na mtu wa swala. Wakati wa mashindano alikuwa akikaa nje ya darasa kwa wiki nzima nzima, na hakuna aliyeulizwa masomo yake yanakwendaje. Alipofunga goli, alibebwa mabegani. Alipoumia goti akiwa kidato cha tano, ufadhili ulikatwa kabla muhula haujaisha. Alirudi kwao na sanduku la bati na madaftari ambayo kurasa zake nyingi zilikuwa nyeupe. Wenye shule walikwisha kupata kombe lao.

Huyu hakudhulumiwa usingizi. Alidhulumiwa elimu. Mwili wake ulitumiwa kama mali ya shule, na akili yake ikaachwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba tukigawanya saa tu, hizi za kusoma na hizi za kucheza, bado hatujapata wizani. Wizani unapatikana tunapokiri kwamba kila kitu ndani ya kijana huyu kina haki yake, na kwamba haki hailiwi, hata iwe kwa ajili ya cheti au kwa ajili ya kombe.

Mwenyezi Mungu (s.w.), katika Suratul-Qasas aya ya 77, anatuelekeza tuitafute Akhera kwa yale aliyotupa, bila kulisahau fungu letu la dunia. Na katika Suratul-Baqara aya ya 143 ametuita umma wa wastani. Wastani si ulegevu. Wastani ni kusimama mahali ambapo hakuna mwenye haki atakayekulalamikia.

Anayelia bwenini

Kuna haki moja ambayo haina kengele wala mwalimu wa kuisimamia, nayo ni haki ya moyo. Katika kila bweni yupo mtoto anayelia usiku akijifunika shuka. Ada haijalipwa, au mama anaumwa, au amechoka tu na hajui kueleza. Akijitokeza kusema, anaambiwa imani yake ni ndogo. Akizidiwa, inasemekana ana jini, na watu wanakusanyika kumsomea kabla hata mmoja hajamuuliza amekula nini tangu jana.

Kusoma Qur'an ni ponyo, hilo halina shaka. Lakini tumfuate aliyeteremshiwa Qur'an. Anas (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa akimsikia Mtume (s.a.w.) mara nyingi akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mashaka na huzuni, na udhaifu na uvivu. Ikiwa kiumbe bora kuliko wote aliomba kinga dhidi ya huzuni, basi huzuni si ushahidi wa ukafiri wa mtu. Na Anas huyo huyo alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.), aliyekuwa na mambo ya umma mzima mabegani mwake, aliiona huzuni ya mtoto yule akamuuliza habari za kindege chake. Je, sisi tunaotembelea shule mara moja kwa mwaka tumewahi kumuuliza mtoto habari za kindege chake?

Ninajua jibu la wengi

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: haya ni maneno ya watu walioshiba. Baba ameuza ng'ombe ili mtoto alipiwe ada. Nafasi za ufadhili wa serikali ni chache na zinataka alama za juu. Mtoto wa maskini atalalaje saa 8?

Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajawahi kumwona mzazi akihesabu noti langoni mwa shule. Ada ni amana. Mtoto anayeila kwa uvivu ataulizwa. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha, katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Bukhari, kwamba watu wengi hupata hasara katika neema mbili: afya na wasaa. Lakini tazameni jinsi zilivyotajwa pamoja. Anayeuza afya yake yote ili anunue wasaa amepata hasara katika zote mbili. Ng'ombe wa baba hakuuzwa ili mtoto aanguke gwarideni asubuhi ya mtihani.

Na hapa tunarudi kwa Salman na Abu Darda (r.a.), ndugu wawili waliounganishwa na Mtume (s.a.w.). Bukhari amepokea kwamba Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake akamkuta Ummu Darda amejiacha bila kujipamba, kwa kuwa mumewe hakuwa na haja tena na dunia. Kilipoletwa chakula, Abu Darda akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka ale naye. Usiku Abu Darda alipotaka kusimama, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na watu wake wote wana haki juu yake, na ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli.

Ndugu zangu, Salman alikuwa mgeni, kama sisi tunavyokuwa wageni shuleni. Alipofika alitazama kwanza. Kisha akala pamoja na mwenyeji wake. Nasaha ilikuja mwisho. Na hakumwachia ndugu yake alale mpaka jua lichomoze. Usingizi aliomwamrisha ndio uliompa nguvu ya kuamka. Hili ndilo jibu kwa mwenye hofu ya uvivu.

Tufanye nini msimu huu

Nawaomba viongozi wetu, amiri na amira, wayapokee mapendekezo haya kabla msafara wa kwanza haujaondoka.

Kwanza, tufike mapema na tukae nao. Tule posho na maharage pamoja nao. Atakayezungumza asimame baada ya hapo, si kabla.

Pili, simulizi za kukesha ziondoke kwenye mimbari zetu. Badala yake tuwafundishe ratiba inayowezekana. Hapa kwetu karibu na ikweta nyakati za swala hazibadiliki sana. Mtoto akilala saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja na robo kwa ajili ya Alfajiri, amepata saa 7 na robo. Akiongeza qailula ya dakika 20 baada ya Adhuhuri, amesogea karibu na haki yake. Akiswali Alaasiri kisha akacheza mpaka karibu na Magharibi, ataingia prepu ya jioni akiwa mtu.

Tatu, watatu au wanne miongoni mwetu wakazungumze na walimu faraghani, wakiombe mambo matatu tu: prepu ya alfajiri ianze baada ya swala, watahiniwa wasinyang'anywe uwanja, na anayecheza kwa ufadhili afidiwe vipindi alivyokosa. Tukikataliwa, tuombe tena muhula ujao kwa adabu ile ile.

Nne, kila msafara uwe na kaka mmoja na dada mmoja ambao kazi yao si kuhutubia bali kusikiliza. Wakae pembeni ya uwanja. Wakiona mtoto ambaye hali yake inazidi uwezo wao, wamfikishe kwa muuguzi au mshauri wa shule, na wafuatilie.

Ewe Mwenyezi Mungu, wape wadogo zetu elimu yenye manufaa, miili yenye afya na nyoyo zilizotulia. Wafungulie waliofungwa na wazito wa mitihani, ada na upweke. Utujaalie sisi tunaokwenda kwao tuwe funguo za kheri, wala usitujaalie kuwa wafungaji wa kamba ambayo Mtume wako aliifungua. Wape subira wazazi wao na uwabariki walimu wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.